Weka Kidole Hapa, Mama

Mara ya tatu leo mashine inakataa.
Taa nyekundu. Kijana wa Uhamiaji anafuta kioo kwa ncha ya tai,
ananishika kidole kama anayekamua jipu:
"Kaza kidogo, mama. Usitetemeke."

Sitetemeki. Hakuna kitu hapo, mwanangu.
Miaka kumi na tisa nimebangua korosho,
kwanza kiwandani, hapa hapa Newala,
kiwanda kilipofungwa, uani kwangu,
na mafuta ya yale maganda hayana huruma:
yanakula ngozi, yakishiba ngozi yanakula mistari.
Mistari yangu imekwenda na korosho.
Waulizeni waliozila.

Anaitwa Rwechungura. Katoka Bukoba mwezi wa nne,
bado anauliza njia ya Kitangari.
Nilimletea bakuli la ming'oko,
akalinusa, akasema asante sana, akalifunika.
Ni raia huyo. Sina wivu.
Nasema tu.

Mahali ulipozaliwa? Mueda.
Uliingia nchini kwa njia gani?
Mgongoni.
Akacheka, akafuta, akaandika: mpakani.
Lakini mimi nilisema kweli.
Mgongoni kwa mama, Ruvuma imemfika kifuani,
mwaka ule wa mabomu,
na kanga aliyonibebea ilikuwa na maneno
ambayo hakuna kati yetu aliyejua kuyasoma.

"Unajua Kiswahili?" akaniuliza, kwa Kiswahili.
Nikamtazama.
"Hapana," nikasema. "Hata hili swali lako sijalielewa."
Akaandika: anajua.

Mdhamini wangu Somoe Nampoto,
jirani wa chumvi na kiberiti, miaka thelathini,
hajui kuandika. Akachovya dole gumba kwenye wino
na likatoka zuri, duara kwa duara, kama kitumbua.
Vitumbua ndivyo alivyouza maisha yake yote.
Moto tu, na mafuta mema.

Kisha tangazo likatoka gazetini,
mwenye pingamizi ajitokeze, kama ndoa ya kanisani.
Sikuliona hadi wiki ya pili,
liliponijia limefungia vitumbua vya Somoe:
ALBERTINA NANGONGA, mkulima, wa Newala,
limelowa mafuta mpaka linapitisha mwanga.
Nikala. Nikalamba vidole.
Hakuna aliyepinga.

Ila mimi, usiku.
Maana kuna mstari chini kabisa ya fomu,
nakana uraia wa nchi nyingine yoyote,
na mwaka wa sabini na tano mama alivuka tena,
bendera yao imepanda, anaimba,
akaniacha kwa shangazi nimalize darasa.
"Ukimaliza utanifuata."
Nikaanza kazi, nikaolewa, nikapanda mikorosho arobaini,
nikazika mume. Sijamaliza.
Yuko ng'ambo, kaburi lake halina hata jiwe,
na kitovu changu kiko hukohuko, chini ya mti nisioujua.
Nikatia sahihi. Kalamu ilipita vizuri.
Kalamu haina mama.

Sasa Rwechungura amemwita mkubwa wake.
Mkubwa anavaa miwani, ananigeuza viganja
juu, chini, kama mnunuzi wa chama cha msingi
anayetafuta korosho mbovu ndani ya gunia.
Gumba, hapana. Shahada, hapana.
Cha kati, cha pete: nyekundu, nyekundu.
"Kile kidogo. Cha kushoto."

Kijani.

Wote watatu tukanyamaza.
Ni kile mvivu. Wenzake wakishika korosho,
wakishika jembe, wakishika ndoo ya maji
kutoka bondeni hadi huku juu Newala,
chenyewe kinakaa pembeni, kimejikunja, kinatazama.
Nchi nimeitumikia kwa vidole tisa
ikanitambua kwa cha kumi.

"Kimoja kinatosha?"
"Kinatosha, mama. Rudi baada ya miezi mitatu."
Nikahesabu. Mwezi wa kumi.
Nikamwambia, mwezi wa kumi siwezi,
korosho zitakuwa zinaanguka.